Mjadala: Finjani za kahawa ya barazani ziendelee, au walazimishwe vikombe vya karatasi?

Mtu wa Malindi (mleta mada)
Assalamu alaykum. Masika yakikaribia suala hili hurudi: Manispaa iwalazimishe wauza kahawa wa Mji Mkongwe, Zanzibar, watumie vikombe vya karatasi, au finjani ziendelee? Wanaotaka karatasi wanataja kipindupindu cha 2015 na 2016, na wana haki ya kukitaja. Mimi napinga, na wala sipingi kwa ajili ya mila. Kasoro haimo kwenye finjani. Imo kwenye ndoo, na kwenye uchache wa finjani pale watu wanapojaa.

Nendeni kwenye baraza la Jaws Corner, Mji Mkongwe, baada ya Alasiri mutizame mikono ya muuza kahawa. Watu wakiwa wachache, finjani ikirudi husuguliwa kwa vidole ndani na ukingoni, husuuzwa, kisha hupinduliwa kwenye sinia. Wakifika watu ishirini na finjani ni kumi na mbili, mkono huo huo hubadilika: finjani huchovywa mara moja, hukung'utwa, hujazwa, hupewa mwengine. Na mnywaji wa baraza hana haraka. Mchezo wa dhumna unakwenda na finjani iko mkononi, kwa hiyo nyingi hazirudi kwa muda mrefu. Muuzaji akiwa na finjani 36, hana sababu ya kuchovya na kukung'uta.

Bi Afya
Wa alaykumu salaam. Kuongeza finjani ni sawa, lakini finjani 36 ndani ya ndoo moja ni uchafu uleule kwa wingi zaidi. Ndoo moja ikishapita finjani ishirini, maji yamekuwa rangi ya kahawa, na kilichokuwa mdomoni mwa mtu wa kwanza kimo humo. Zinatakiwa ndoo tatu, na mpango wake haupinduliwi:

Ya kwanza maji na sabuni, hapo ndipo pa kusugua. Ya pili maji matupu ya kusuuza. Ya tatu lita 10 za maji na vijiko viwili vya chakula vya dawa ya klorini ile ya asilimia 3.5, hapo unapata takriban miligramu 100 kwa lita. Finjani izame yote, dakika mbili, kisha ipinduliwe juu ya wavu ikauke kwa upepo.

Makosa ninayoyaona yakirudiwa ni haya. Klorini inatiwa ndoo ya kwanza: tope la kahawa na sabuni huila dawa yote, ikabaki harufu tu. Inatiwa kwenye maji ya moto, nguvu ikaruka. Chupa inawekwa juani mchana kutwa, na jua huidhoofisha dawa hata kama haijafunguliwa. Halafu kitambaa! Mtu amefuata hatua zote tatu, mwisho anafutia finjani kwa kitambaa kilichofuta meza na jasho. Hapo kazi yote imepotea.

Kwa hiyo msimamo wangu: mwenye ndoo tatu abaki na finjani. Asiyeweza, wakati wa mripuko wa maradhi atumie karatasi au afunge. Hili silioni kuwa la kujadiliwa.

Kahawa Chungu
Munatia chumvi. Kahawa inatoka kwenye dele, lile birika la kahawa, ikiwa juu ya makaa. Mdudu gani anabaki hai ndani ya kahawa ya moto namna ile?

Bi Afya
Kaka Kahawa Chungu, hoja yako ni nusu sahihi. Vijidudu vya kipindupindu havistahamili moto. Lakini kahawa haijazwi mpaka ukingoni, na mdomo unagusa ukingo, pahala ambapo kahawa haikufika. Pia finjani ni ndogo na imetoka kwenye maji baridi. Kahawa inapoweza kunyweka imeshashuka hadi karibu nyuzi 60. Virusi vya homa ya ini aina A vinahitaji nyuzi 85 kwa dakika nzima. Tusiitegemee kahawa ituoshee vyombo.

Mwana wa Wete
Mumesahau kwamba muuza kahawa tayari ana jiko la makaa mbele yake. Kwa nini anunue dawa? Sufuria ya maji ikae kando ya dele, maji yawe karibu kuchemka. Finjani zilizokwisha kusuguliwa na kusuuzwa zitiwe kwenye chujio la waya lenye mkono, zizamishwe sekunde 30. Maji yakiwa nyuzi 77 na zaidi yanatosha kwa vijidudu vya kawaida, na kwa homa ya ini yawe yanachemka kabisa, dakika nzima. Finjani ikitoka ya moto hukauka yenyewe haraka, kitambaa hakina kazi, na kahawa haipoi upesi. Anayekula halua na kahawa yake anaijua tofauti hiyo.

Pembeni kidogo: wakaguzi wanatizama finjani tu. Watizame na ndani ya dele. Dele la shaba hutiwa bati ndani. Ukiona wekundu wa shaba umejitokeza, bati limekwisha, na kahawa ina asidi inayoila shaba. Lirudi kwa fundi.

Na kuhusu karatasi, pigeni hesabu. Finjani ni kama mililita 60. Dele la lita 5 linatoa finjani 80 na kitu. Likijazwa mara tatu kwa jioni, ni vikombe karibu 250 kwa muuzaji mmoja, na kila kimoja kina utando wa plastiki ndani ili kisivuje. Zanzibar tulipiga marufuku mifuko ya plastiki 2006. Leo tuirudishe plastiki ndani ya karatasi, iende jaani Kibele?

Mkaazi wa Shangani
Nakubaliana na ndoo na sufuria. Nisichokipenda ni hili la "nendeni mutizame". Baraza ni pahala watu wanasema siasa, mpira, na mambo ya nyumba zao. Mtu akikaa na kalamu na daftari saa nzima, wazee watanyamaza, na muuzaji ataosha vizuri kwa sababu anatizamwa. Utapata picha isiyo ya kweli, na utakuwa umewavunjia watu heshima.

Mtu wa Malindi
Sheikh, umesema haki, na hilo nalitia kwenye pendekezo. Anayekagua ajitambulishe kwa muuzaji kwanza na aombe ruhusa. Aagize kahawa, akae upande wa ndoo na si katikati ya baraza. Aandike mambo manne tu: finjani ngapi zinazunguka, ngapi zimepita hatua zote, maji yamebadilishwa saa ngapi, na mkono uliopokea fedha umeshika ukingo au umeshika ubavu wa finjani. Majina hapana, maneno ya watu hapana, picha hapana. Kuhusu muuzaji kujirekebisha akitizamwa, ni kweli. Lakini watu wakijaa hawezi kuendelea hivyo kwa finjani kumi na mbili, atarudi kwenye kuchovya. Kwa hiyo hesabu ya kweli ni ya wakati wa msongamano, Alasiri mpaka Magharibi.

Kahawa Chungu, bado nasubiri kauli yako juu ya ukingo.