Sukrosi kabla ya kumchoma njiti: muuguzi aitoe mwenyewe au asubiri daktari aandike?

Zamu_ya_Usiku
Wadau wa wodi za watoto wachanga, tuamue hili. Sukrosi (maji ya sukari) ya asilimia 24 anayodondoshewa njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kabla ya kuchomwa kisigino kutolewa damu ni dawa ya kusubiri daktari aiandike, au ni sehemu ya huduma kama kumkunja na kumfunika? Msimamo wangu: muuguzi aitoe mwenyewe. Kipimo cha sukari ya damu hakisubiri saini. Mtoto wa kilo moja anahitaji mililita 0.1 hadi 0.2 tu, mbele ya ulimi, dakika mbili kabla ya mchomo, kisha chuchu bandia ili aendelee kufyonza. Mbele ya ulimi, narudia. Wapo wanaoipitisha kwenye mpira wa kulishia halafu wanalalamika haifanyi kazi. Kinachofanya kazi ni ladha. Ikishuka moja kwa moja tumboni umempa kalori, basi.

Mfamasia_Mkali
Kitu chenye dozi, chenye muda wa kuanza na kuisha, na chenye kikomo, ni dawa hata kama kimetoka kwenye muwa. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani mwaka 2016 kilisema iagizwe na ifuatiliwe kama dawa. Halafu kuna kazi ya Johnston na wenzake ya 2002: njiti wa chini ya wiki 31, wiki ya kwanza ya maisha. Waliopata zaidi ya dozi 10 kwa saa 24 walionekana nyuma kidogo katika mijongeo na uchangamfu walipopimwa baadaye. Mtaniambia aliyepata dozi nyingi ndiye aliyekuwa hoi zaidi. Sawa, inawezekana. Lakini pasipoandikwa, zamu inayoingia itajuaje kwamba hii ni dozi ya kumi na moja?

Na nyingine: iandaliwe famasi. Gramu 24, maji tasa hadi ifike mililita 100. Si kijiko cha sukari kwenye kikombe cha wodi, tena kikombe kinachokaa mezani siku nzima. Asali ndiyo msiiguse kabisa, ina hatari ya botulismu, sumu ya bakteria inayopoozesha mtoto.

Dokta_Mkavu
Mnagombea saini ya kitu kinachotuliza sura tu. Slater na wenzake, jarida la *Lancet* 2010: sukrosi ilishusha alama za PIPP (kipimo cha maumivu ya watoto wachanga), lakini ishara za maumivu kwenye ubongo hazikubadilika, na mguu ulijikunja vilevile. Angalieni PIPP yenyewe inavyohesabu: paji la uso kukunjamana, macho kufumbwa kwa nguvu, mikunjo kati ya pua na mdomo. Alama 9 kati ya 21 ni uso. Mtoto akinyamaza muuguzi anafurahi, hasikii kilio. Mwekeni kifuani kwa mama na mjadala uishe.

Zamu_ya_Usiku
"Muuguzi anafurahi, hasikii kilio." Dokta, anayefurahi kutosikia kilio ni anayejaza fomu ya vipimo saa mbili asubuhi kisha anaondoka. Sisi ndio tunaobaki na kisigino mkononi.

Na huo utafiti unaoutaja ulihusu watoto waliotimiza miezi yao, wazima, mchomo mmoja tu. Njiti wa wiki 28 hachomwi mara moja. Ule wa vitengo vya Paris na vitongoji vyake, Carbajal 2008, ulikuta kila mtoto anapata taratibu kama 10 za maumivu kwa siku, na nyingi zilifanywa bila kitulizo chochote. Wewe unataka tusubiri EEG, kipimo cha umeme wa ubongo?

Sista_Kona
Kifuani kwa mama naunga mkono, lakini Dokta, umeitaja kama vile ni kubonyeza swichi. Mtoto akae ngozi kwa ngozi dakika 15 hadi 30 *kabla* ya mchomo. Ukimtoa inkubeta, ukamlaza kifuani na kumchoma papo hapo, hujamtuliza, umemwongezea msukosuko wa kuhamishwa. Mama ajiegemeze, asilale chali. Mtoto wima katikati ya matiti, kichwa kimegeukia upande, miguu imekunjwa kama chura, kitambaa kimekaza hadi chini ya sikio. Kisigino unakitoa kwa chini ya kitambaa, upande mmoja tu. Mwili wote ubaki umefunikwa. Wewe mchomaji kaa kwenye kiti kifupi, maana ukiinama utavuta mguu. Taa imulike mguu, isimulike macho ya mtoto. Mtoto wa CPAP (mashine ya kusukuma hewa puani) anawezekana pia, ila mtu mmoja ashike mipira isimng'oe pua.

Mama akikosekana, mikono yako inatosha. Ipashe joto kwanza. Mmoja ufunike utosi, wa pili ukusanye miguu na makalio, mikono ya mtoto iletwe karibu na mdomo. Shika kwa uzito tulivu, usipapase. Njiti akipapaswa anashtuka zaidi. Usikandamize kifua. Na usimwachie mara damu ikishapatikana, subiri mapigo yarudi yalikokuwa. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanaachia wakabandike lebo.

Maabara_Chini
Nawasoma tangu juu. Mnabishana utamu wakati kinachomuumiza huyo mtoto ni dole gumba lenu. Sampuli za kisigino zinatufikia zimekamuliwa kama chungwa: seli zimepasuka, potasiamu iko juu kwa uongo, tunazirudisha, mtoto anachomwa tena. Hiyo sukari yenu inakwenda mara mbili.

Zamu_ya_Usiku
Mkuu, unadhani tunakamua kwa starehe? Fomu imeandikwa picha nzima ya damu, elektroliti (chumvi za damu), bilirubini (ya manjano) na CRP (ya kuangalia maambukizi). Damu hiyo yote itoke kwenye kisigino kinachoingia ndani ya kofia ya peni?

Maabara_Chini
Sijasema mnastarehe. Nimesema mnakamua. Lanseti (kifaa cha kuchomea) ya mkono inakwenda kina unachokadiria wewe. Ya kujifyatua inakata kina kilichopimwa, milimita 0.85 kwa njiti, na damu inatiririka yenyewe. Sindano ya kawaida inatoboa, haikati, kwa hiyo shimo linajifunga na ninyi mnaanza kukamua. Choma pembeni mwa unyayo, upande wa ndani au wa nje, si nyuma penye mviringo. Pale mfupa uko karibu, na usaha wa mfupa wa kisigino si hadithi. Mguu uwe chini kuliko moyo. Tone la kwanza futa. Bana, achia, acha kisigino kijae, bana tena. Kichupa cha EDTA (chenye kizuia kuganda) kwanza, cha siramu mwisho, la sivyo chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinashikana na mnapata hesabu ya kutisha bure.

Sista_Kona
Na ile glavu iliyojazwa maji ya moto je? Bado watu wanaibandika kisiginoni "damu ishuke". Majaribio ya kupasha kisigino hayakuonyesha damu inatoka kwa wingi zaidi, lakini ngozi ya njiti inaungua kweli.

Dokta_Mkavu
Basi tuachane na kisigino. Choma mshipa nyuma ya kiganja: mchomo mmoja, damu ya kutosha, hakuna kukamua. Mapitio ya Shah yalishalimaliza hilo, mshipa unauma kidogo kuliko kisigino.

Zamu_ya_Usiku
Kwa watoto waliotimiza miezi, Dokta. Tena! Kila ukileta utafiti unaleta wa mtoto wa kilo tatu. Mshipa wa nyuma ya kiganja cha njiti ndio huohuo wa dripu na wa kupitishia ule mpira mrefu wa kwenda karibu na moyo. Ukiutoboa asubuhi kwa ajili ya CRP, usiku dripu ikivimba nani anatafuta mshipa mwingine kichwani? Wewe umelala.

Dokta_Mkavu
Sista, tusiende kwenye nani amelala. Kama mtoto bado ana katheta (mpira mwembamba) ya ateri ya kitovu, damu inatoka humo bila kumgusa; kwa nini naona visigino vya watoto hao vina alama?

Sista_Kona
Kwa sababu kuna walioandika "katheta isiguswe ovyo, maambukizi", na hawakuandika ovyo ni ipi.

Njia_Panda
Jamani, swali lilikuwa sukrosi iandikwe na nani.

Mfamasia_Mkali
Asante. Pendekezo langu: agizo moja la kudumu siku mtoto anapolazwa, lenye dozi kwa uzito, kikomo kwa saa 24 na nafasi ya muuguzi kuweka tiki kila anapotoa. Daktari ameandika, muuguzi hasubiri. Na msimiminie mililita nzima kwa sirinji. Mtoto anapaliwa, oksijeni inashuka, kisha mnaiandika kama maumivu. Toneni kidogo kidogo, nusu kabla na nusu katikati ikiwa kazi ni ndefu, kwa sababu inaisha nguvu baada ya dakika tano hadi nane. Kwa uchunguzi wa retina haitoshi peke yake: weka matone ya ganzi ya macho, mfunge shuka, na mtu amshike.

Njia_Panda
Na maziwa ya mama badala ya sukrosi?

Sista_Kona
Anayeweza kunyonya titi, anyonye kabla, wakati wa mchomo na baadaye. Hapo hakuna kinachoshinda. Lakini wa chini ya wiki 32 bado hajaunganisha kufyonza, kumeza na kupumua. Huyo unamtonea tu, na matone ya maziwa peke yake ni dhaifu kuliko sukrosi. Yafanye pamoja na mikono.

Dokta_Mkavu
Narudi kwa wa maabara. Ulisema sampuli zinarudishwa. Zinarudishwa kwa kupasuka seli au kwa uchache?

Maabara_Chini
Kwa yote mawili. Ila uchache mnajiletea wenyewe. Kichupa kidogo cha EDTA kinatosha mililita 0.5, na mashine nyingi zinavuta kidogo kuliko hapo. Bilirubini ipimwe kwa kifaa cha kwenye ngozi kabla ya kufikiria damu, isipokuwa mtoto aliye chini ya taa ya kutibu manjano, maana ngozi iliyomulikwa inadanganya. Na vipimo vya asubuhi na vya mchana viunganishwe kwenye mchomo mmoja. CRP iliyoombwa saa nne baada ya nyingine haimwambii mtu kitu.

Zamu_ya_Usiku
Mililita 0.5? Fomu yenu imeandikwa "kiwango cha chini mililita 2". Imebandikwa ukutani juu ya sinki.

Maabara_Chini
Hiyo ni ya watu wazima.

Zamu_ya_Usiku
Imebandikwa wodi ya njiti, Mkuu. Ina muhuri wenu.

Dokta_Mkavu
Piga picha uiweke hapa.