Kupasua gogo kwa chenso ya fremu, slabu inatoka na mawimbi, nakosea wapi?

Gogo Nene
Wakuu habari za kazi. Nina gogo la kipenyo sm 55 hivi, urefu mita 2 na nusu, nataka nitoe slabu, yaani mbao pana nene, za meza. Chenso (msumeno wa injini) ni cc 72, baa (ule upanga unaobeba cheni) inchi 28, nimeifunga kwenye fremu ya kupasulia, ile inayoteleza juu ya gogo ikiongoza baa, na cheni ni ile ile niliyokuwa nakatia kuni. Slabu ya kwanza imechukua karibu nusu saa, kila nikisukuma injini inazama, baa ikaanza kutoa moshi, na nilipoifunua nikakuta uso una mawimbi halafu ubavu mmoja una sm 6 mwingine sm 4 na nusu. Gogo hili nimelitunza muda mrefu na nalipenda sana, sitaki kuliharibu. Ninunue chenso kubwa zaidi au?

Tupa na Kabari
Mkuu usinunue kitu kwanza. cc 72 kwa sm 55 itaenda taratibu ila inatosha, ukifika sm 80 huko ndo utafute ya cc 90 kwenda juu. Angalia cheni. Ukikata kuni unaenda haraka umemaliza, ila kwenye fremu jino linakwangua ncha za nyuzi za mti upana wote wa gogo, mwanzo mpaka mwisho bila kupumzika, hakuna kazi nzito kama hiyo kwa chenso. Cheni ya kawaida meno yananolewa digrii 30 au karibu na hapo, ya kupasulia ni digrii 10, inakwenda imetulia na uso unatoka laini zaidi. Na ukiona inatoka unga mwembamba kama wa ngano badala ya chembechembe ujue imekufa makali, simamisha hapo hapo unoe, usiisukume, maana ukisukuma cheni butu ndo moshi huo.

Mzee wa Mbao
Naungana na mwenzangu kwenye makali ila kwenye digrii sikubaliani sana, nimepasua magogo mengi kwa cheni ya kawaida na mbao zikatoka, inakwangua tu zaidi na utapiga randa zaidi. Kilichokuharibia ni vitu vingine. Kwanza pima zile nguzo mbili za fremu, mtetemo unalegeza bolti, moja ikishuka unapata sm 6 huku na 4 na nusu kule kama ulivyopata. Pili meno ya kushoto na kulia yawe na urefu sawa, upande mmoja ukiwa mfupi baa inavutwa pembeni hata ushike kwa nguvu zote. Tatu kata ya kwanza, hiyo uliiongozaje?

Gogo Nene
Shikamoo mzee. Niliweka ubao juu ya gogo nikapigilia misumari, fremu ikawa inateleza juu yake.

Mzee wa Mbao
Marahaba. Ubao mwembamba unabonyea katikati, na kata ya kwanza ikipinda kila slabu inayofuata inaiga kupinda kule kule kwa sababu fremu inateleza juu ya uso uliokwisha kukatwa. Tumia ngazi ya alumini iliyonyooka, iegemeze sehemu mbili tatu za katikati isibonyee, weka pima maji kichwa cha huku na cha kule zisome sawa, usipofanya hivyo slabu inatoka imejinyonga. Na skrubu za kushikia ngazi ziwe fupi zisifike njia ya cheni!! Cheni ikigonga chuma siku imeisha.

Tupa na Kabari
Hapo kwa mzee nimejifunza, mimi ngazi nilikuwa siiegemezi katikati. Naongeza kabari, kila baada ya nusu mita piga kabari ndogo nyuma ya baa slabu isikae juu yake ikaibana. Gogo liinue kutoka chini na kichwa cha kuanzia kiwe juu kidogo, uzito wa chenso unakusaidia kusukuma. Ukimaliza kata usizime papo hapo, iache ingurume taratibu dakika moja ipoe. Ziba masikio, vaa barakoa, na simama moshi wa ekzosi usikupate usoni.

Gogo Nene
Nimerudi wakuu. Nguzo moja kweli ilikuwa imelegea, na meno ya kulia yalikuwa mafupi mpaka jicho linaona. Nimenoa yote digrii 10, nimefunga ngazi, slabu ya pili imetoka sm 6 pande zote na mawimbi yameisha kabisa, nimefurahi mno. Sasa kukausha?

Mzee wa Mbao
Leo leo paka rangi vichwa vyote viwili, unyevu unakimbilia huko na nyufa zinaanzia huko. Panga kivulini panapopita hewa, kati ya slabu na slabu vijiti vikavu vya unene sawa kila sm 40 au 50, vya juu na chini vipangane mstari mmoja, juu kabisa weka uzito. Hesabu ya wapasuaji ni mwaka mmoja kwa kila sm 2 na nusu za unene, kwa hiyo hiyo ya sm 6 ni kama miaka 2 na kitu. Slabu iliyobeba moyo wa gogo itapasuka katikati karibu kila mara, hiyo panga mapema kuichana vipande viwili.