Kumaliza msimu kwa mkupuo au kungoja episodi moja kila wiki: kipi kina utamu zaidi?

MtazamajiMakini (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri, na naomba mlichukulie kwa uzito kwa sababu jambo hili limeanza kuleta mvutano kati yangu na mdogo wangu wa kike.

Kuna tamthilia tumeifuatilia pamoja kwa miaka minne. Yeye anaishi mbali, kwa hiyo kila Jumapili usiku kila mtu anaangalia kwake, kisha tunapigiana simu. Mara nyingine simu inachukua muda mrefu kuliko episodi yenyewe. Msimu mpya umetoka juzi, na safari hii wameachia episodi zote nane siku moja. Yeye anataka tumalize wikiendi hii hii. Mimi nataka tubaki na Jumapili zetu, hata ikichukua miezi miwili.

Sababu yangu ni hii. Mwezi uliopita nilikaa na tamthilia nyingine ya episodi kumi. Nilianza Ijumaa usiku, Jumamosi jioni nikawa nimemaliza, na niliipenda kweli. Wiki tatu baadaye mwenzangu kazini akaniuliza kwa nini yule kaka mkubwa aliwasaliti ndugu zake. Nilikumbuka kwamba aliwasaliti. Sababu ilikuwa imeshafutika kichwani. Lakini hii ninayoangalia na mdogo wangu naweza kukusimulia tangu msimu wa kwanza, pamoja na mabishano yetu yote.

Mnasemaje? Na mnaofanya yote mawili, mnaamuaje ipi iende kwa mkupuo na ipi kwa wiki?

ZamuYaUsiku

Mkuu, mimi ni mtu wa mkupuo na nitamtetea mdogo wako.

Kungoja wiki nzima hakukuanza kwa faida ya mtazamaji. Kulitokana na ratiba ya vituo vya televisheni: siku fulani, saa fulani, matangazo ya biashara katikati. Ukichelewa, imekupita. Netflix walipoachia House of Cards tarehe 1 Februari 2013, episodi zote 13 kwa siku moja, ratiba ikahamia mikononi mwa anayeangalia. Msomaji wa riwaya akifika mwisho wa sura, hakuna anayemnyang'anya kitabu na kumwambia arudi wiki ijayo. Kwa nini mwenye tamthilia atendewe hivyo?

Halafu kuna maisha. Mimi nafanya kazi kwa zamu, na Jumapili yangu inaweza kuangukia katikati ya wiki. Nikipata siku mbili za mapumziko nazama kwenye hadithi na kukaa humo. Majina ya wahusika wote yako kichwani, kila dokezo bado bichi. Episodi ya tano mtu anaokota ufunguo, nami najua palepale kwamba ni ule ulioanguka kwenye episodi ya pili. Anayeangalia kwa wiki, ufunguo huo kwake umeshapita majuma matatu. Ataona chuma tu.

Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo.

KumbukumbuHai

Mleta mada, lililokupata kwa yule kaka mkubwa limeshachunguzwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne walichapisha mwaka 2017 utafiti juu ya jambo hilihili. Walichukua watu 51 wakawaonyesha tamthilia moja ya Uingereza yenye episodi sita. Kundi la kwanza liliangalia zote kwa kikao kimoja, la pili episodi moja kila siku, la tatu moja kila wiki. Kisha wakawauliza maswali juu ya hadithi.

Siku iliyofuata, waliofululiza ndio waliokumbuka vizuri kuliko wote. Hapo ZamuYaUsiku ana haki yake: dokezo linakuwa bichi kweli. Lakini walipoulizwa tena siku 140 baadaye, kumbukumbu ya kundi hilo ndiyo iliyokuwa imeporomoka zaidi. Wa kila wiki walianza chini, ila walichokishika kilikaa. Na hili ndilo lililonigusa: waliofululiza walisema wameifurahia tamthilia kidogo kuliko makundi mengine mawili.

Tusiubebeshe utafiti huo mzigo usio wake. Watu 51 ni wachache, tamthilia ilikuwa moja, na mtu aliyepangiwa na mtafiti akae saa sita mbele ya kioo si sawa na mtu aliyeitamani hadithi mwenyewe. Hata hivyo unaendana na jambo ambalo mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alilionyesha tangu mwaka 1885 kwa kujipima mwenyewe: kinachorudiwa kwa vipindi vilivyoachana kinakaa kuliko kinachosomwa kwa mfululizo. Kila Jumapili kabla hujabonyeza, kichwa chako kinalazimika kujiuliza tuliishia wapi. Kule kujiuliza ndiko kunakokaza fundo. Na wewe una ziada ambayo hawakuwa nayo: simu ya mdogo wako. Unaikumbuka hadithi kwa sababu uliisimulia kwa mdomo wako.

ZamuYaUsiku

Nakubali hesabu hiyo, lakini siangalii tamthilia ili nije kutahiniwa siku ya 140. Kuna hadithi niliyomaliza usiku mmoja miaka mitano iliyopita, majina ya wahusika yamenitoka, lakini uzito niliokuwa nao kifuani alfajiri ile ninao mpaka leo. Hiyo nayo ni kumbukumbu.

LalaMapema

Hiyo alfajiri ndiyo inayonitia wasiwasi, ndugu yangu.

Mwaka 2017 ulichapishwa pia utafiti wa vijana 423 wa miaka 18 hadi 25. Waliokuwa na tabia ya kufululiza walikuwa na usingizi mbovu zaidi, na sababu iliyojitokeza ni kichwa kubaki kimechangamka wakati mtu anajaribu kulala. Bado unafikiria nani kamuua nani. Mimi nilikuwa hivyo kwa karibu mwaka mzima. Nilikuwa nakasirikia watoto wangu asubuhi kwa makosa ambayo hayakuwa yao, na sitaki kurudi huko.

Mambo mawili yalinisaidia. La kwanza, nilizima ile hali ya episodi inayofuata kuanza yenyewe. Ipo kwenye mipangilio ya akaunti. Ukishaizima, mwisho wa kila episodi kunakuwa na kimya, na kwenye kimya hicho unapata nafasi ya kuamua.

La pili nililigundua mwenyewe: usikomee mwisho wa episodi, komea katikati. Dakika za mwisho zimetengenezwa makusudi zikuache ukining'inia. Mlango unafunguliwa, sura hatuioni, majina yanaanza kupanda. Hapo hata mtu mwenye msimamo atabonyeza. Lakini nenda dakika kumi ndani ya episodi inayofuata: aliyefungua mlango ameonekana, mambo yametulia, watu wanakunywa chai. Zima hapo. Utalala. Nimefanya hivi kwa miaka miwili na sijakesha hata mara moja.

KalamuYaMchezo

Naandika michezo ya kuigiza ya redio, kwa hiyo naomba niseme kutoka upande wa jikoni, maana sote tunazungumza kana kwamba hadithi ni ileile na kinachobadilika ni kasi ya kuila. Si ileile. Hadithi inapikwa tofauti kulingana na itakavyoliwa.

Ninapoandika kitu cha kila wiki, kila sehemu lazima isimame kwa miguu yake. Iwe na jambo lake moja linaloanza na kufika mahali. Msikilizaji atakaa nalo siku saba, kwa hiyo siwezi kumpa sehemu ambayo watu wanatembea tu kutoka nyumba hii kwenda ile. Na swali ninalomwachia mwishoni lazima liwe linafikirika, lenye majibu matatu au manne ambayo yote yanawezekana, ili abishane na jirani yake. Swali lenye jibu moja halidumu siku saba.

Anayeandika kwa ajili ya mkupuo ana uhuru mwingine. Anaweza kutandaza hadithi kama filamu moja ya saa nane, hahitaji kumkumbusha mtu chochote, anaweza kuweka dokezo dogo sana akijua halijapoa. Zikifanywa vizuri ni tamu mno. Hatari yake ni tumbo la katikati kulegea. Episodi ya nne hadi ya sita unaona kabisa mwandishi anajua huwezi kuondoka, kwa hiyo hakusumbuka. Ukiangalia tamthilia ya namna hiyo kwa wiki, utateseka, na kosa halitakuwa la wiki.

Nguvu ya kungoja ilionekana Marekani mwaka 1980. Msimu wa tamthilia ya Dallas uliisha tarehe 21 Machi kwa mhusika wake J.R. kupigwa risasi, na mpigaji hakujulikana mpaka tarehe 21 Novemba. Miezi minane! Watu wanaokadiriwa kuwa milioni 83 walikaa usiku ule kusubiri jibu. Jibu lenyewe, ukilisoma leo, ni mstari mmoja. Uzito wake wote ulitoka kwenye ile miezi minane ya watu kuulizana. Watazamaji ndio waliouandika mchezo katikati hapo, kila mmoja na mshitakiwa wake.

Kwa hiyo mleta mada, jibu la swali lako la mwisho: angalia episodi mbili. Zikiwa na umbo, kila moja na jambo lake, nenda taratibu. Ukiona hujui moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi, usijitese, fululiza.

MtuWaMwisho

Naongeza la watu kukufichulia mwisho. Tamthilia ya Squid Game ilitoka episodi zote tisa tarehe 17 Septemba 2021, na mimi nilikuwa nasafiri. Niliporudi nilikuwa nimeshajua mwisho wake kutoka kwenye picha za utani tu, bila kusoma habari hata moja. Kwa mkupuo, kila mtu yuko ukurasa wake na hakuna anayejua aseme nini mbele ya nani. Kwa wiki, wote tuko mahali pamoja na mazungumzo ni huru.

ZamuYaUsiku

Kwa anayewahi Jumapili, sawa. Mimi wa zamu nafichuliwa kila wiki, mara nane badala ya mara moja.

MtuWaMwisho

Hapo umenishika kweli.

NusuKwaNusu

Mbona hakuna aliyetaja njia ya kati? Siku hizi imeenea: episodi mbili au tatu mwanzoni, kisha moja kila wiki. Tamthilia ya The Boys walifanya hivyo mwaka 2020. Msimu wa kwanza ulikuwa umetoka wote kwa pamoja, wa pili wakaleta tatu halafu kila wiki moja, na watazamaji wengi walikasirika wakaishushia alama bila hata kuzungumzia hadithi. Waandaaji walisema ni uamuzi wao wa kisanaa. Mimi niliwaelewa. Episodi moja mara nyingi haitoshi kuipenda hadithi, tatu zinatosha, na baada ya hapo kungoja kunakuwa na maana kwa sababu kuna watu unaowajali.

Nisichokipenda ni kukata msimu vipande viwili. Stranger Things msimu wa nne: episodi saba tarehe 27 Mei 2022, mbili zilizobaki tarehe 1 Julai. Hiyo si kwa wiki wala kwa mkupuo. Unakesha kisha unakaa na arosto zaidi ya mwezi. Kwa maoni yangu inamsaidia anayepokea ada ya mwezi wa pili kuliko inavyoisaidia hadithi.

KumbukumbuHai

Na njia hizi mbili zinaweza kusaidiana. Tamthilia ya Breaking Bad ilianza mwaka 2008 ikiwa na watazamaji kama milioni 1.4 Marekani, ikamaliza mwaka 2013 ikiwa na zaidi ya milioni 10. Wengi walikuwa wamefululiza misimu ya nyuma mtandaoni, wakawafikia wenzao, kisha wakamalizia kwa wiki pamoja na wote. Vince Gilligan, aliyeibuni, mwenyewe aliishukuru Netflix kwa hilo. Kwangu huo ndio mpangilio mzuri kuliko yote: kimbia mpaka uwafikie wenzako, kisha tembea nao.

MtazamajiMakini (mleta mada)

Wakuu, ahsanteni. Nimempa mdogo wangu uzi huu wote ausome, na jana tumeongea.

Kumbe sikuwa nimemwelewa. Nilidhani ana haraka tu. Ameniambia mwezi ujao anaanza kazi mpya na hajui kama Jumapili zake zitabaki zake. Alitaka tumalize wakati bado ana uhakika kwamba tutamaliza pamoja. Kwa maneno ya ZamuYaUsiku, ratiba ndiyo iliyokuwa inamsukuma, na mimi nilikuwa nashikilia Jumapili kana kwamba ndiyo iliyotuweka pamoja.

Tumekubaliana hivi. Mbili za kwanza tumeziangalia jana hiyohiyo, tukapima kama alivyosema KalamuYaMchezo. Kila moja ina umbo lake, kwa hiyo hatutafululiza. Tutaangalia moja Jumatano na moja Jumapili, na mbili za mwisho kwa usiku mmoja, simu ikiwa hewani. Tutakuwa tumemaliza wiki moja kabla hajaanza kazi.

Episodi ya pili iliisha mama akiwa amesimama na barua ambayo haijafunguliwa. Mdogo wangu anasema barua ameiandika mama mwenyewe. Mimi nasema ni ya yule mwanawe aliyetoweka msimu wa kwanza. Tumebishana mpaka saa sita usiku, na Jumatano ni keshokutwa.

ZamuYaUsiku

Mwambie hongera ya kazi. Na mimi niko upande wake kuhusu hiyo barua.