Kizuizi cha miR-27b hakifanyi kitu, nimekosea wapi?

mama_zuu: Wakuu salaam. Tasnifu yangu ya uzamili ni kugeuza seli shina za uboho ziwe seli za mafuta. Dawa ni zile zile: insulini, deksamethasoni na IBMX. Nikiziingizia nakala bandia ya miR-27b (RNA ndogo inayozima jeni) kabla ya dawa, siku ya 14 nikipaka Oil Red O, rangi inayoonyesha mafuta, matone mekundu ni ya kuhesabu. Safi. Sasa nimeweka kizuizi chake nikitegemea mafuta yafurike. Wapi! Sahani haina tofauti na ya kawaida. Nimerudia mara tatu, kichupa kinaisha, na msimamizi anasema "rudia" tu.

mzee_wa_pipeti: Dada, kizuizi unakiweka lini?

mama_zuu: Siku ya 5, seli zikishazoea dawa.

mzee_wa_pipeti: Ndiyo hapo. miR-27b ni breki. Inanasa mkia wa RNA-mjumbe ya PPAR-gama, protini inayoiamuru seli inone, basi protini hiyo haitengenezwi, na bila PPAR-gama hakuna kunona. Ila seli ikishaonja dawa, yenyewe huishusha miR-27b. Siku ya 5 unamfungia mlango mgeni aliyekwishaondoka. Weka kizuizi kabla ya dawa, na dawa zenyewe uzipunguze. Seli zote zikishanona hadi mwisho, hiyo nyongeza utaionea wapi? Ukitaka kizuizi kinachoonekana kazi yake, jaribu cha miR-143. Hiyo hupanda seli zinaponona, na ukiizuia mafuta hupungua.

binti_minyoo: Mimi mafuta siyajui, nafuga minyoo (msicheke). Lakini hata lin-4 ya minyoo, RNA ndogo ya kwanza ya aina hii, iliyotangazwa 1993 na kuwapa Ambros na Ruvkun Nobeli ya 2024, habari yake ni wakati. Isipoizima jeni ya lin-14 kwa saa yake, kinyonga… samahani, simu hii! Kinyoo kinarudiarudia hatua za utotoni. Kwa hiyo kabla hujamaliza kichupa, pima kiasi cha miR-27b siku ya 0, ya 2 na ya 5.

mama_zuu: Ya 0 na ya 5 ninazo kwenye friza, ya 2 sikuchukua. Nilikuwa nahesabu matone tu, miR-27b yenyewe sijaipima hata siku moja 🙈 Kesho umeme ukiwepo naanza na hizo mbili.