Mke akiomba kesi ya kipigo ifutwe, hakimu amsikilize?

Mleta mada
Wadau, salaam. Mwanamke kapigwa na mumewe. Kaenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kapewa PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), katibiwa, jalada limefunguliwa. Siku ya kesi anasimama na kusema: "Mheshimiwa, nimemsamehe mume wangu, naomba kesi ifutwe." Asikilizwe?

Mimi nasema asisikilizwe siku hiyohiyo, na asisikilizwe mbele ya watu waliomsindikiza.

Sheria haina utata kuhusu kipigo chenyewe. Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Na kosa likishakuwa la jinai, kesi ni ya Jamhuri, yaani serikali ndiyo inayoshtaki. Mke ni shahidi tu. Lakini sheria inayoongoza mwenendo wa kesi za jinai inairuhusu mahakama kuhimiza mapatano kwenye shambulio la kawaida na makosa mengine madogo kati ya mtu na mtu. Upenyo huo uliwekwa kwa ajili ya majirani waliotwangana kisa mpaka wa shamba. Siku hizi ndugu wa mume ndio wanaoutumia zaidi.

Nimewahi kukaa nje ya mahakama ya wilaya nikisubiri shauri la kiwanja. Benchi lililofuata alikuwepo dada mmoja, kiganja kimefungwa bandeji hadi juu ya kifundo. Mtoto wake alikuwa mgongoni mwa wifi yake. Mama mkwe amemshika ule mkono mzima, anaongea taratibu kabisa: "Ukimfunga, ada ya watoto utalipa na nini? Na hilo genge lako la nyanya?" Dada hakujibu neno. Akaitwa ndani. Hata robo saa haikupita, wakatoka wote, wamekwishanunua soda, na yeye kapewa ya kwanza. Yameisha.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 uliuliza kama mume ana haki ya kumpiga mke akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kuaga, akitelekeza watoto au akimnyima unyumba. Asilimia 58 ya wanawake walikubali walau sababu moja. Wanaume walikuwa asilimia 40. Kuna watu hufurahia sana takwimu hiyo: "mnaona, wenyewe wanataka." Mimi naisoma hivi: mwanamke anajua atakachoulizwa akirudi kwao na jicho limevimba. Ataulizwa, "ulimfanya nini?"

Karibuni. Matusi hapana.

Mzee wa Kigamboni
Wagombanao ndugu, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Nyie vijana mnataka kila jambo liende polisi. Zamani mume akizidisha, wazee walimwita, wakamtoza mbuzi, akaomba radhi mbele ya wakwe, basi. Leo mkimfunga, akitoka hamrudii mkewe. Mtakuwa mmemponya nani?

Mleta mada
Shikamoo mzee. Mbuzi alikuwa analiwa na nani?

Mzee wa Kigamboni
Marahaba. Na wazee. Ndiyo desturi. Lakini nimekuelewa unakokwenda.

Mama Wawili
Naomba niseme, kwa sababu mimi kesi yangu niliifuta.

Mleta mada unaongea kama vile sisi hatuna akili, tunapelekwa tu. Sikusindikizwa na mtu. Nilikwenda polisi usiku ule kwa sababu nilitaka kipigo kikome usiku ule. Sikwenda kumfunga mtu. Nilitaka apatikane mtu mkubwa kuliko yeye amwambie acha. Akawekwa ndani siku mbili, akaogopa, akarudi mpole. Nikapiga hesabu zangu: kodi ya nyumba, watoto, mimi sina kazi ya kueleweka. Nikaifuta.

Sasa unataka hakimu naye aniambie sijui ninachotaka. Mume kaniamulia, ukweni wameniamulia, na mahakama iniamulie? Au mimi zamu yangu lini?

Na kabla hujauliza: ndiyo, alinipiga tena. Lakini nilipoondoka niliondoka mwenyewe, nikiwa nimejipanga.

Bin Saidi
Na wanaume tunaopigwa je? Mbona mada zote ni wanawake?

Mleta mada
Bin Saidi, kifungu cha 66 hakijachagua, kinasema mwenzi. Nenda kachukue PF3 kama mtu mwingine yeyote. Ukichekwa pale kaunta, rudi hapa tulijadili, maana hilo nalo lipo.

Wakili wa Wilayani
Niongeze kitu. Watu wanadhani mke akikataa kutoa ushahidi basi. Kwa kawaida mwenzi halazimishwi kumshuhudia mwenzake, ila kosa likiwa limetendwa dhidi ya mwili wake mwenyewe kinga hiyo haimhusu. Kwenye makaratasi, sawa. Kwenye kizimba nimeona shahidi anageuka: "nilianguka bafuni." PF3 inaonyesha jeraha, haionyeshi mkono uliolifanya. Jirani aliyesikia kelele hataki kuja. Hapo mwendesha mashtaka anabaki na nini?

Kwa hiyo kumlazimisha hakusaidii sana. Ukitaka kesi isimame bila yeye, anza na jirani.

Pwani Mombasa
Huku kwetu Kenya kuna sheria ya 2015 ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani. Unaweza kuomba korti itoe amri ya ulinzi: asikuguse, asikukaribie, hata ahame nyumba kwa muda. Si lazima afungwe. Akivunja amri, hilo ndilo linakuwa kosa. Wengi hawaijui, na kuisimamia ni kazi nyingine, lakini angalau mtu hachagui kati ya jela na kunyamaza.

Mleta mada
Pwani umegusa penyewe. Tanzania Bara hatuna sheria maalumu ya aina hiyo, ndiyo maana tunabishana kama vile kuna milango miwili tu.

Mama Wawili, pole, na hoja yako naipokea kwa sehemu. Sitaki hakimu akuamulie. Nataka akuulize ukiwa peke yako chumbani kwake, mama mkwe abaki kwenye benchi. Kesi iahirishwe mwezi mmoja, mume apewe dhamana yenye sharti la kulala kwingine. Mwezi ukiisha ukirudi na jibu lilelile, liandikwe na liheshimiwe. Wewe uliyekwenda bila kusindikizwa ungepoteza nini? Yule dada wa bandeji angepata siku thelathini bila mtu wa kumshika mkono.

Mama Wawili
Na mwezi huo nani analisha watoto?

Mleta mada
Yeye. Yuko nje kwa dhamana, anakwenda kazini kama kawaida. Atume kwa simu.

Mama Wawili
Asipotuma?

Wakili wa Wilayani
Kwenye ndoa, Sheria ya Ndoa inampa mke haki ya kuomba matunzo. Ni shauri jingine, fomu nyingine, foleni nyingine.

Mama Wawili
Basi hapo ndipo nilipoifuta.