Wajukuu wa Bi Mwanaidi (kikundi cha familia)

*Ijumaa*

Asha (Stockholm): Asalaam aleikum wanandugu. Shikamoo Bibi. Da Rehema, kesho tunakwenda Kungens Kurva kutafuta kabati la droo. Watoto wote wawili tunao, hakuna wa kutuachia.

Rehema (Stockholm): Waaleikum salaam. Idi naye yumo? Pole mdogo wangu 😂

Kaka Sudi (Dar): Kungens nini?

Rehema: Kungens Kurva. Kona ya Mfalme. Mwaka 1946 gari la mfalme wao, Gustaf wa Tano, liliacha njia pale likatumbukia mtaroni, jina likaganda. IKEA, wale wauza samani, wakaja kufungua duka hapo 1965.

Kaka Sudi: Kama mfalme mwenyewe ilimshinda, na hakuwa na Idi kiti cha nyuma…

Asha: Kaka usinitie kiwewe.

Rehema: Sasa sikia. Pale si kwa Mangi, kwamba unaingia, unalipa, unatoka. Kuna mishale chini inakuzungusha: sebule, jikoni, vyumba vya kulala, mpaka miguu iote moto. Ila kuna vichochoro vya kukatiza, vimechorwa kwenye ramani, vitafute. Na mle kwanza, mkahawa uko humo humo. Mtoto mwenye njaa katikati ya makochi mia hutamtaka.

Rehema: Na vyoo. Jamani vyoo.

Asha: Vyoo vimefanyaje?

Rehema: Hamjui habari ya Jumaa? Alikuwa na miaka mitatu, wiki ile ile tumemwachisha pampasi, tunamsifia kwa kila mtu. Tukafika kwenye mabafu ya maonyesho. Baba yake anapima kioo kwa shubiri, mimi nasoma bei. Nageuka, mwanangu kaketi, suruali iko kwenye vifundo, ananiambia, "Mama, maji hayashuki."

Kaka Sudi: 😂😂😂 Ndogo au kubwa?

Rehema: Usiniulize.

Asha: Woiii! Ukafanyaje?

Rehema: Nikamwita mfanyakazi, uso nimeuficha kwenye mtandio. Hata hakushangaa. Alikuja na glavu na ndoo kama mtu aliyekuwa akitusubiri.

Zuhura (simu ya Bibi): Bibi anasema marahaba. Na anauliza mtoto ana kosa gani? Kaambiwa haja ni chooni, kakiona choo.

Kaka Sudi: Bibi kamaliza kesi.

Asha: Si kuna mahali pa kuwaacha wacheze?

Rehema: Småland, bure. Ni jina la mkoa aliozaliwa mwenyewe Kamprad, yule aliyeianzisha IKEA 1943 akiwa na miaka 17. Lakini wana muda wao, ukiisha unamfuata mwanao, na wewe hutoki dukani. Idi anaweza kuingia. Salma bado yuko kwenye nepi, hawamchukui. Huyo mfunge mgongoni na kanga. Toroli atalikataa baada ya dakika tano.

Zuhura (simu ya Bibi): Bibi anasema kwa nini msiagize kwa fundi. Kabati lake la mninga lilibebwa na wanaume wanne.

Kaka Sudi: Niko Keko kila Jumapili, semeni vipimo tu.

Rehema: Bibi, hilo lako hata tembo halisogezi. Haya ya huku ni mepesi. Mtoto akivuta droo zote akapanda kama ngazi, linamwangukia. Mwaka 2016 IKEA walitangaza kuyarudisha makabati ya droo kama milioni 29 huko Marekani, baada ya watoto kufa. Asha, lifunge ukutani siku hiyo hiyo, kabla hujaweka hata soksi.

Asha: Nyumba ya kupanga dada. Mwenye nyumba hapendi matundu.

Rehema: Tundu linazibwa.

Asha: Kweli. Nimekuelewa.

*Jumamosi*

Kaka Sudi: Ripoti ya Kona ya Mfalme tafadhali.

Asha: Tumefika nyumbani sasa hivi. Baba Idi kafanya kosa, njiani akamsimulia mtoto habari ya Jumaa ili asije akarudia.

Rehema: Ehee?

Asha: Kakagua vyoo vyote. Anabonyeza kimoja kimoja, anatangaza kwa sauti, "Na hiki hakina maji!" Kiswahili tupu, nikashukuru. Halafu mama mmoja mwenye buibui pale kwenye mapazia akageuka akasema, "Mwambie akimaliza aje na kwetu, chetu kimeharibika."

Kaka Sudi: 😂😂😂 Mpemba huyo!

Asha: Wa Wete! Tumebadilishana namba.

Zuhura (simu ya Bibi): Bibi anauliza kabati je?

Asha: Bado limo boksini, Bibi. Baba Idi anatoboa ukuta kwanza.