Runinga mpya ya 4K lakini picha ina ukungu: tatizo ni waya, mipangilio au kioo?

Kioo55

Wakuu, habari zenu. Runinga ni ya inchi 55, kwenye boksi imeandikwa 4K UHD, 3840 × 2160. Imeunganishwa hivi: king'amuzi kinaingia kwenye saundiba kwa HDMI, saundiba inaingia tundu la HDMI 1 la runinga. Laptopu iko HDMI 2 kwa waya wa mita 5. Intaneti ni ya Wi-Fi.

Chaneli karibu zote zina ukungu, nyuso za watu kama zimepakwa mafuta, ingawa nikibonyeza kitufe cha info runinga inaandika 1080p. Laptopu inatoa 3840 × 2160 lakini kwa 30 Hz (picha 30 kwa sekunde), mshale wa mausi unajivuta, kingo za picha zimekatwa hadi ule mstari wa chini wenye saa hauonekani wote, na maandishi mekundu juu ya bluu hayasomeki vizuri. Video za mtandaoni zinaanza na ukungu, baadhi zinatulia, baadhi hazitulii kabisa. Sharpness (ukali wa picha) nimeipandisha karibu na mwisho, haijasaidia.

Muda wa kuirudisha dukani bado upo. Nataka kujua kama kioo chenyewe ndicho kibovu kabla muda huo haujapita.

FundiMawimbi

Mkuu, usiirudishe kwanza. Hapo una matatizo matatu tofauti na kila moja lina chanzo chake. Mimi naanza na chaneli.

Ile 1080p inayoandikwa na runinga ni kipimo cha signali iliyopita kwenye waya. Haisemi lolote kuhusu picha ilivyorushwa kutoka kituoni. Chaneli ya SD (ubora wa kawaida, chini ya HD) inarushwa ikiwa na 720 × 576 au chini ya hapo. King'amuzi kinaikuza hadi 1920 × 1080, kinaituma, kisha runinga inaikuza tena hadi 3840 × 2160. Piga hesabu: 720 × 576 ni pikseli 414,720, na kioo chako kina pikseli 8,294,400. Ni mara 20 kamili. Kwa kila pikseli 1 iliyorushwa, runinga inabuni nyingine 19 kwa kukisia kutoka kwa majirani zake. Ndiyo maana chaneli ileile huonekana safi kwenye runinga ndogo ya zamani na hapa inaonekana imepakwa mafuta. Kioo kikubwa kinaanika kasoro ambazo kioo kidogo kilizificha.

Kuhakikisha, ingia mipangilio ya video ya king'amuzi. Vingi vina chaguo la kutuma kila chaneli kama ilivyo, mara nyingi linaitwa Native, Source au Original. Liwashe, pita chaneli moja moja ukibonyeza info kwenye rimoti ya runinga (ya runinga, si ya king'amuzi). Ikiandika 576i, hiyo ni SD na hakuna waya wala mipangilio itakayorudisha kitu ambacho hakikurushwa. Ikiandika 720p au 1080i, hiyo ni HD halisi. Kama king'amuzi chako hakina chaguo hilo, linganisha chaneli ambayo ipo mara mbili kwenye orodha, SD na HD, kipindi kilekile. Ukimaliza kupima, rudisha 1080i au 1080p, maana kwenye Native picha huzimika kidogo kila unapobadilisha chaneli.

Mambo mengine ya njia hiyo. Kwanza iondoe saundiba katikati. Kifaa kinachotuma huuliza kwanza kifaa kilicho mbele yake kinapokea nini, na hapa kilicho mbele ni saundiba, si runinga. Saundiba ya HDMI 1.4 (toleo la zamani la HDMI) au isiyo na HDCP 2.2 (ulinzi dhidi ya kunakili) itabana 4K yenye ulinzi ishuke hadi 1080p au chini zaidi, hata kama vifaa vya pande zote mbili vinaiweza. Chomeka king'amuzi moja kwa moja kwenye runinga, kisha toka tundu la HDMI la runinga lenye maandishi ARC au eARC (njia ya kurudisha sauti) kwenda tundu lenye alama hiyohiyo kwenye saundiba. Sauti itarudi kwa njia hiyo. Pili, hakikisha hakuna waya wa AV, ule wa njano, nyeupe na nyekundu, unaotumika mahali popote kwa picha, kwa sababu haubebi zaidi ya SD.

Pia usichanganye ukungu na mawimbi dhaifu. Mawimbi yakiwa dhaifu, picha hukatika vipande vya mraba, huganda, na sauti hukwama. Picha laini isiyokatika haiponi kwa kugeuza dishi wala antena.

PikseliKwaPikseli

Naongezea upande wa laptopu, maana hapo dalili zako zinajieleza zenyewe.

30 Hz: 4K kwa 60 Hz yenye rangi kamili inahitaji karibu Gbps 18 (gigabiti 18 kwa sekunde). HDMI 1.4 inaishia Gbps 10.2, ndiyo maana inakwama kwenye 4K kwa 30 Hz. Kizuizi kinaweza kuwa tundu la laptopu, waya, au tundu la runinga. Anza na runinga kwa sababu ni bure. Runinga nyingi hutoka kiwandani matundu ya HDMI yakiwa yamefungwa kwenye hali ya kawaida ili vifaa vya zamani visisumbue, na unafungua tundu moja moja. Kwenye Samsung tafuta Input Signal Plus (matoleo ya nyuma: HDMI UHD Color), kwenye LG ni HDMI Ultra HD Deep Colour, kwenye Sony ni HDMI signal format, uweke Enhanced. Washa kwa tundu ulilochomeka, zima laptopu na runinga, washa upya. Soma pia maandishi kando ya matundu, maana kwenye baadhi ya runinga si yote yenye uwezo sawa.

Kama bado ni 30 Hz, angalia laptopu. Ikiwa HDMI yake ni 1.4, tumia tundu la USB-C lenye DisplayPort (linaloweza kutoa picha) na adapta iliyoandikwa 4K 60 Hz. Ikiwa haina, weka 1920 × 1080 kwa 60 Hz. Kwa kazi za mausi hiyo ni bora kuliko 4K ya 30 Hz.

Kingo kukatwa ni tabia iliyobaki tangu runinga za chogo, runinga inakuza picha kidogo na kutupa kingo. Ubaya wake ni kwamba picha ikishakuzwa hata kidogo, pikseli ya laptopu haikai tena juu ya pikseli moja ya kioo, na maandishi yote yanapoteza makali. Samsung: Picture Size, 16:9 Standard, kisha Fit to Screen. LG: Just Scan iwashwe. Sony: Display Area, Full Pixel.

Maandishi mekundu juu ya bluu: runinga inapokea rangi kwa kipimo kilichopunguzwa, nusu (4:2:2) au robo (4:2:0), wakati mwanga ni kamili. Kwenye filamu huwezi kuona, kwenye maandishi ya rangi unaona mara moja. Badilisha aina ya chanzo cha HDMI 2 iwe PC (kubadilisha jina tu hakutoshi kwa kila runinga, badilisha na ikoni), kisha kwenye programu ya kadi ya picha chagua RGB au YCbCr 4:4:4, zote ni rangi kamili.

Mwisho, kwenye Windows fungua Display, halafu Advanced display. Kuna mistari miwili: Desktop mode na Active signal mode. Ukiona 1920 × 1080 kwa wa kwanza na 3840 × 2160 kwa wa pili, laptopu inachora picha ya Full HD na kuikuza. Zote mbili lazima zilingane.

Kioo55

Asanteni sana. Matokeo: king'amuzi kwenye Native kinaonyesha chaneli nyingi ni 576i, chache ni 1080i, na hizo chache ni safi kweli. Laptopu sasa ni 60 Hz, kingo zote zinaonekana, maandishi mekundu yamenyooka. Ila sasa kioo kinazima sekunde moja au mbili kisha kinarudi, na kuna vidoti vyeupe vinavyometameta kwenye sehemu nyeusi. Kwa 30 Hz haikuwepo.

PikseliKwaPikseli

Huo ni waya. Kwa 30 Hz ulikuwa unabeba nusu ya mzigo. Waya wa HDMI ukishindwa hauleti ukungu, unaleta vidoti, kuzimika, au hakuna signali kabisa. Mita 5 za shaba ya kawaida kwa Gbps 18 ni bahati nasibu. Weka wa mita 2 wenye stika ya Premium High Speed (Gbps 18) au Ultra High Speed (Gbps 48). Lazima iwe mita 5 au zaidi? Tafuta wa nyuzi za kioo (fiber optic), na uchomeke kwa mwelekeo ulioandikwa kwenye vichwa vyake, upande mmoja ni wa kifaa na mwingine ni wa runinga. Ukigeuza, haufanyi kazi.

MtuWaMkondo

Kuhusu video za mtandaoni: kuanza na ukungu ni kawaida, programu hutuma ubora wa chini kwanza kisha hupanda kadiri intaneti inavyoruhusu. Zisizopanda ndizo za kuchunguza. Netflix inapendekeza Mbps 5 kwa 1080p na Mbps 15 kwa 4K, na kifurushi lazima kiwe kile cha 4K. Pima spidi kwenye runinga yenyewe, si kwenye simu, maana antena ya runinga iko nyuma ya kioo na mara nyingi imeegemea ukuta. Hamia Wi-Fi ya 5 GHz kama ruta iko karibu, au vuta waya wa mtandao. Tundu la mtandao la runinga nyingi linaishia Mbps 100, na zinatosha.

Kwenye YouTube weka ubora kwa mkono, 2160p, kisha washa Stats for nerds (takwimu za video) usome mstari wa Current / Optimal Res. Kama 2160p haipo kabisa kwenye orodha, basi ama video haikupakiwa hivyo, ama kifaa hakiwezi kusoma VP9 wala AV1 (njia mpya za kubana video), maana YouTube haitoi 4K kwa H.264, njia ya zamani. Ukitumia kiboksi au stiki ya Android yenye Widevine L3 (ngazi ya chini ya ulinzi wa filamu), huduma nyingi za filamu zitakupa SD tu hata intaneti iwe ya kasi gani.

Usihukumu kwa menyu ya runinga. Runinga nyingi za Android huchora menyu kwa 1080p hata kama kioo ni 4K.

FundiMawimbi

Sharpness ishushe. Kitu inachofanya ni kuchora mstari mweupe kando ya kila ukingo, na kwenye SD inakoleza uchafu pamoja na picha. Kiwango ambacho haiongezi kitu hutofautiana kwa kampuni: Samsung ni 0, Sony ni 50. Kwa nyingine, fungua ukurasa wa maandishi meusi juu ya kijivu, shusha hadi kivuli cheupe kuzunguka herufi kipotee, usiendelee kushusha baada ya hapo.

Na kipimo cha kioo chenyewe, kwa kuwa muda wa kurudisha unakwenda: ukiwa na ule waya mpya, laptopu iwe 3840 × 2160, 60 Hz, RGB, ukuzaji wa Windows (Scale) 100%. Tengeneza picha ya ukubwa huohuo yenye miraba ya pikseli moja moja, nyeusi na nyeupe kwa zamu, uifungue bila kukuzwa, skrini nzima. Ukiwa karibu kabisa uone vidoti vilivyotengana. Ukirudi nyuma uone kijivu kimoja kisicho na mabaka. Ukiona michirizi au mawimbi, kuna kitu bado kinakuza, rudi kwenye Fit to Screen au Just Scan. Mipangilio yote ikiwa sawa na michirizi ikabaki, hapo una sababu ya kuirudisha.

Jambo la umbali pia. Kioo cha inchi 55 kina upana wa karibu sm 122, kwa hiyo pikseli ya 1080p ni kama mm 0.63. Jicho lenye uwezo wa kawaida linaacha kuitofautisha ukikaa mita 2.2 hivi. Kama kochi liko mita 3, chaneli ya 1080i iliyo safi na filamu ya 4K zitakaribiana sana kwa makali.